Maiti Chini ya Joho: Kwa Nini Tunacheka Mtu Akiuawa Chuoni

Mkuu wa chuo amelala sakafuni katika chumba chake cha kusomea, risasi imempata kichwani. Kichwa chenyewe kimezongwa joho jeusi la kitaaluma. Kumzunguka kuna mifupa ya binadamu, mikavu, imetapanywa huku na huku, na kwenye mbao za ukuta mtu kachora mafuvu kwa chaki. Hivyo ndivyo inavyofunguka riwaya ya Michael Innes ya mwaka 1936, Death at the President's Lodging. Ilipofika Marekani iliitwa Seven Suspects, yaani washukiwa saba, kwa sababu huko mtu akisikia makazi ya President anafikiria Ikulu yao, hafikirii mzee wa chuo.

Ukimsimulia mtu tukio hilo bila kumwambia limetoka wapi, atakunja uso na kusema Mungu apishe mbali. Ukilisoma ndani ya kitabu, baada ya kurasa chache unajikuta unacheka. Wahadhiri wa chuo hicho ni watu wa maneno marefu na adabu nyingi, na kila mmoja anautazama msiba kwa miwani ya somo lake. Askari akiuliza swali la ndiyo au hapana anajibiwa kwa mhadhara. Mtu amekufa, lakini kinachowakosesha usingizi baadhi yao ni jina la chuo, na kwamba polisi wanakanyaga mahali ambapo mgeni hakanyagi.

Hadithi za namna hii zina wasomaji wake waaminifu kwa karibu miaka mia sasa: mauaji, chuo kikuu, na kicheko, vyote katika chungu kimoja. Mimi ni mmoja wa wasomaji hao, na kwa muda mrefu nilisumbuliwa na swali la kwa nini vitu hivi vitatu vinapikika pamoja. Kifo kina uzito wake. Elimu tunaiheshimu. Kicheko kinaingilia wapi?

Jibu nililipata kwenye msiba wa babu yangu, ingawa ilinichukua miaka mingi kujua kwamba nimelipata.

Tulimzika kijijini, mkoani Morogoro, nikiwa na miaka kumi na moja. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi chini ya mwembe, wanawake wako ndani wanalia. Ghafla akatokea mzee mmoja kavaa koti la marehemu, lile la kahawia lenye kiraka kiwikoni, na kofia yake, na mkongojo wake. Anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto kama babu alivyouburuta. Anakohoa kikohozi cha babu. Akasimama mbele ya wazee akawauliza, kwa sauti ileile ya kukwaruza, ni nani kawaruhusu kukalia majamvi yake bila hodi. Bibi, ambaye hakuwa amenyamaza tangu usiku, alicheka huku machozi yanamtiririka. Yule mzee alikuwa mtani wetu.

Asiyeujua utani ataona kituko hicho kuwa ni utovu wa adabu. Anayeujua anaelewa kuwa mtani ana ruhusa, na ruhusa hiyo ina bei yake. Wafiwa wanalia, mtani halii, lakini ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayetumwa, ndiye anayehakikisha maji yapo na jikoni kunawaka. Anacheka kwa sababu amebeba sehemu ya msiba ambayo mwenye uchungu hawezi kuibeba. Nikisoma riwaya za mauaji ya chuoni namwona mtani huyo kila mara: mpelelezi mcheshi, ambaye mara nyingi ni profesa mwenyewe, anaingia katikati ya watu waliopigwa na butwaa, anawaiga, anawatania, na wakati huohuo ndiye peke yake anayemshughulikia maiti kwa dhati. Wengine wote wanashughulikia heshima zao.

Sasa tuitazame mitambo yenyewe, maana kicheko hiki hakitokei hivihivi.

Kitu cha kwanza ni geti. Hadithi ya upelelezi ya kizamani inahitaji washukiwa wachache wanaojulikana, la sivyo muuaji angekuwa mpita njia yeyote na msomaji asingekuwa na la kufikiria. Chuo cha Oxford au Cambridge kimejengwa kana kwamba aliyekichora alikuwa na nia hiyo: ukuta mrefu, uwanja wa nyasi katikati, lango moja, bawabu mwenye daftari, na saa ya kufunga. Innes aliukamua mpangilio huo mpaka tone la mwisho. Eneo la tukio lake linafungwa usiku, walio na funguo wanahesabika, na sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu ya ufunguo upi ulikuwa mfukoni mwa nani.

Geti lina kazi nyingine pia. Mshairi W. H. Auden, katika insha yake ya mwaka 1948 kuhusu hadithi za upelelezi, aliona kwamba mahali pa tukio panapaswa kufanana na bustani ya Edeni. Kadiri pahali palivyo tulivu na pema, ndivyo maiti anavyokuwa kitu kisichostahili kabisa kuwepo pale. Alifananisha na mbwa aliyejisaidia juu ya zulia la sebuleni. Mfano huo unachekesha na kuchukiza kwa pamoja, na hapo ndipo zilipo hadithi hizi. Mtu akichomwa kisu kwenye uchochoro wenye sifa mbaya tunasikitika tu. Akichomwa kisu maktabani, kati ya rafu ya falsafa na rafu ya sheria, panakuwa na mgongano wa mambo mawili yasiyopatana, na huo ndio mgongano unaozaa kicheko popote pale.

Kisha kuna udogo wa mambo yanayogombaniwa. Kuna msemo unaonasibishwa na Wallace Sayre, mwanazuoni wa siasa wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba siasa za vyuoni ni kali kupindukia kwa sababu kinachogombewa ni kidogo mno. Aliyewahi kukaa karibu na idara yoyote ya chuo anaujua ukweli wake. Watu wenye shahada tatu wanaweza kununiana miaka saba kwa sababu ya ofisi yenye dirisha, au kwa sababu jina la mmoja lilitangulia la mwenzake kwenye makala. Mwandishi wa riwaya ya mauaji anauchukua ugomvi huo mdogo na kuupa adhabu kubwa kuliko zote. Msomaji anacheka kwa sababu anaitambua ofisi yake mwenyewe, hata kama yeye anafanya kazi bandarini au kwenye duka la vipuri. Nani hajawahi kuona watu wazima wakikosana kwa sababu ya ufunguo wa stoo?

Robert Barnard, aliyewahi kufundisha Australia, aliandika Death of an Old Goat mwaka 1974. Profesa mkongwe kutoka Oxford anazungushwa kwenye vyuo vya Australia kutoa mihadhara ileile aliyoitoa kwa karibu nusu karne. Anakutwa ameuawa katika moteli ya mji mdogo wenye chuo. Inspekta anayeshika kesi si mwerevu na wala si mwadilifu, na anapoanza kuwahoji wahadhiri inadhihirika kwamba kila mmoja ana aibu anayoificha. Aibu nyingi kati ya hizo ni ndogo kiasi cha kumfanya mtu awahurumie. Charlotte MacLeod naye, katika Rest You Merry ya mwaka 1978, alikihamishia kisa kwenye chuo cha kilimo huko Massachusetts. Shujaa wake, Peter Shandy, ni bingwa wa zao la mizizi lililokipa chuo sifa na fedha. Kwa miaka mingi majirani wamemsumbua aipambe nyumba yake kwa taa za Krismasi. Anachoka, anawalipa mafundi waipambe mpaka inaumiza macho, spika zinapiga nyimbo, yeye anatorokea melini. Anaporudi anakuta maiti sebuleni. Kisa kizima kinaanzia kwenye ugomvi wa taa za mapambo.

Lakini udogo huo ni ganda tu. Nikilimenya ganda nakuta jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloipa aina hii ya hadithi uhai wake, na ambalo wengi wanaoisifu kwa ucheshi huliruka. Chuo kikuu kimeahidi kitu kimoja kikubwa kwa jamii: kutafuta ukweli na kuusema, hata ukiuma. Mpelelezi naye ameahidi hichohicho. Kwa hiyo mauaji yanapotokea chuoni, watu ambao kazi yao ni ushahidi wanawekwa mbele ya ushahidi unaowahusu wao, na tunawatazama kama wataishika ahadi au wataikimbia. Wengi wanaikimbia. Tunawacheka kwa hilo, na kicheko hicho ni hukumu.

Mfano bora ni Gaudy Night ya Dorothy L. Sayers, ya mwaka 1935, na ili niueleze inabidi nifichue siri ya kitabu. Anayetaka kukisoma bila kujua mwisho aziruke aya tatu zinazofuata.

Sayers alisoma Chuo cha Somerville, Oxford, kuanzia mwaka 1912 hadi 1915. Alifaulu vizuri sana, lakini Oxford haikuwapa wanawake shahada mpaka mwaka 1920, ndipo naye akawa miongoni mwa wa kwanza kutunukiwa. Jeraha hilo lipo kwenye kitabu. Chuo chake cha kubuni ni cha wanawake, na nafasi yao Oxford bado ni changa, kiasi kwamba kashfa moja inaweza kuwapa maadui zao fimbo ya kuwachapia. Ndiyo maana barua za matusi zisizo na jina zinapoanza kusambazwa usiku, majoho yanapochomwa moto uani, wakuu wa chuo hawakimbilii polisi. Wanamwita mwanafunzi wao wa zamani, Harriet Vane, ambaye sasa ni mwandishi wa hadithi za upelelezi.

Katika kitabu hiki hakuna anayeuawa. Tukio linaloumiza sana ni kuharibiwa kwa prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kitabu kuchapwa, za mhadhiri mmoja mpole, Bibi Lydgate, aliyetumia miaka mingi kuandika kitabu kuhusu mizani ya ushairi. Mama huyu anachekesha mno: kila prufu zikirudi kutoka kiwandani anabadilisha tena, anaongeza tanbihi, anaongeza wino wa rangi nyingine, na wachapishaji wamekata tamaa naye. Tunamcheka kwa mapenzi. Halafu asubuhi moja kurasa zake zinakutwa zimechafuliwa na kuchanwa, na kicheko kinakwama kooni. Sayers amemfanya msomaji aone kwamba mahali kama pale, kuichana kazi ya mtu ni jirani na kumuua.

Chanzo cha yote kinapofunuliwa, ni karatasi moja. Miaka ya nyuma mwanahistoria fulani aliandika tasnifu, akakutana na barua ya kale iliyoibomoa hoja yake yote, akaiiba na kuificha. Mwanazuoni mwenzake, mwanamke, alikuwa ameshawahi kuiona barua ileile. Akasema ukweli. Yule bwana akapoteza shahada na kazi, mwishowe akajiua. Mjane wake alikuja kufanya kazi ya utumishi wa mabweni katika chuo alichohamia mwanamke yule, naye ndiye mwandishi wa barua za usiku. Anapofichuliwa anawauliza wasomi wale, kwa hasira ninayoikumbuka kila nifungapo kitabu, ni nani aliyedhurika kwa barua ya watu waliokufa zamani, na kama karatasi hiyo ilistahili kumla mume wake na mkate wa watoto wake. Hakuna jibu jepesi. Sayers anasimama upande wa ukweli, lakini anamwacha yule mama aseme mpaka amalize.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1985, kosa hilohilo lilirudi kwa sura ya kuchekesha zaidi. Wachumi wawili wa Marekani, William Breit na Kenneth Elzinga, waliandika pamoja kwa jina la Marshall Jevons, ambalo ni muungano wa majina ya wachumi wawili wakubwa wa Kiingereza. Riwaya yao The Fatal Equilibrium inatokea Harvard. Mhadhiri kijana ananyimwa ajira ya kudumu, anakufa, kisha wajumbe wa kamati iliyomnyima nao wanaanza kuuawa. Mpelelezi ni profesa mfupi wa uchumi aitwaye Henry Spearman, ambaye hawezi kununua hata kitu kidogo bila kupima faida na gharama.

Namna anavyoufikia ukweli inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ni somo zuri la uchumi. Fikiria soko letu lolote. Fungu la nyanya meza hii ni shilingi elfu moja, meza ya nne ni elfu moja mia tano, na watu wananunua kotekote, maana hakuna anayezunguka soko zima ili aokoe mia tano. Sasa fikiria pikipiki. Mnunuzi anapita maduka matano, anapiga simu, anamtuma shemeji yake akaulize mjini. Muuzaji anayezidisha bei anabaki na pikipiki yake. Kwa hiyo bei za vitu ghali husogeleana, na bei za vitu rahisi hutawanyika, ukizipima kwa uwiano. Spearman anausoma utafiti wa mwenzake kuhusu bei katika visiwa vya mbali, utafiti uliomjengea mtu jina, na anaona takwimu zinaenda kinyume na hapo. Wanadamu hawanunui hivyo popote duniani. Takwimu zimepikwa. Na aliyezipika alikuwa na kila sababu ya kuwaogopa wasomaji makini.

Hebu iweke barua iliyoibwa kando ya bei zilizopikwa. Vitabu hivi viwili vimetengana kwa nusu karne, bahari moja na tofauti kubwa ya tabia, lakini kosa la asili ni lilelile: msomi aliyechakachua ushahidi. Damu inakuja baadaye, kama riba ya deni. Leo, ambapo tasnifu za kununua na kazi za kunakiliwa ni habari ya kila siku katika vyuo vya mabara yote, sioni kwamba wazo hilo limezeeka.

Baada ya uzito huo turudi kwenye kicheko kitupu, na hapo mfalme ni Edmund Crispin. Jina lake halisi lilikuwa Bruce Montgomery, mtunzi wa muziki, na riwaya yake ya kwanza aliiandika akiwa bado mwanafunzi Oxford. Katika The Moving Toyshop ya mwaka 1946, mshairi mmoja anafika Oxford usiku wa manane, anasukuma mlango wa duka la vinyago, anapanda ngazi na kukuta maiti ya bibi kizee. Anapigwa kichwani. Asubuhi anarudi na polisi na kukuta duka lenyewe halipo. Mahali pake pana duka la vyakula, limejaa unga na makopo kama vile limekuwa hapo siku zote. Hakuna anayemwamini isipokuwa rafiki yake Gervase Fen, profesa wa fasihi ya Kiingereza, mwenye gari dogo jekundu linalopiga kelele.

Kinachofuata ni mbio. Wanafunzi wanaacha mihadhara na kumkimbiza mshukiwa kwa baiskeli. Fen na mshairi wanapokwama mahali, wanapitisha muda kwa mchezo wa kutaja vitabu visivyosomeka, na vingine wanavyovitaja ndivyo Fen analipwa mshahara kuvifundisha. Kwenye njia panda mmoja anapendekeza wakate kushoto, kwa kuwa kitabu hiki kinachapishwa na Gollancz; mchapishaji huyo alijulikana kwa siasa zake za mrengo wa kushoto. Yaani mhusika anajua kwamba yumo kitabuni, anaendelea na mbio. Tukio la kilele, kwenye bembea ya mzunguko iliyoshindwa kusimama, lilivutia kiasi kwamba Alfred Hitchcock alilitumia katika filamu yake ya mwaka 1951, Strangers on a Train.

Ninachokipenda kwa Crispin ni kwamba utani wake hausimamishi upelelezi hata kidogo. Ukicheka umeshapitwa na kidokezo. Hila hii ni ya zamani, na sisi tunaijua kutoka kwenye vitendawili. Anayetega hutega kwa picha ya kuchekesha ili akili yako ibaki kwenye picha na isilione jibu. Ukishindwa unatoa mji, naye anautawala kwa madaha kabla ya kukutegulia. Riwaya ya upelelezi nayo humfanya msomaji atoe mji katika sura ya mwisho. Mauaji ya chuoni yana ladha ya ziada kwa kuwa wanaotoa mji ni maprofesa, watu ambao siku nyingine zote ndio wanaotega.

Tusisahau pia ni nani wanaoandika. Michael Innes ni jina la kalamu la J. I. M. Stewart, mwalimu wa fasihi, aliyekiandika kitabu chake cha kwanza melini akielekea Adelaide kufundisha. Amanda Cross alikuwa Carolyn Heilbrun, mwanamke wa kwanza kupata ajira ya kudumu katika idara ya Kiingereza ya Columbia. Alianza kuchapisha mwaka 1964 na akaficha jina, akihofu wenzake wangemnyima ajira hiyo wakijua anaandika hadithi za mauaji. Katika Death in a Tenured Position, ya mwaka 1981, idara ya Kiingereza ya Harvard inapewa dola milioni moja kwa sharti la kumwajiri profesa mwanamke. Idara inazitaka fedha, haimtaki mwanamke. Profesa huyo anakutwa amekufa ndani ya choo cha wanaume. Heilbrun aliandika kwa ucheshi mkali, lakini aliandika anachokijua. Kicheko kilikuwa namna ya kusema mambo ambayo kikaoni yangeandikwa kwenye muhtasari na kusahauliwa.

Kuna kitabu kimoja ambacho kila nikikisoma nalikumbuka Kiswahili. Sarah Caudwell, mwanasheria wa London, alichapisha Thus Was Adonis Murdered mwaka 1981. Wakili wa kodi, mama mwerevu asiyeweza kutembea bila kuangusha kitu, anaenda likizo Venice na kushukiwa mauaji; karibu na maiti pamekutwa nakala yake ya Sheria ya Fedha. Anayeifumbua kesi ni Profesa Hilary Tamar wa Oxford, msimuliaji, na mwandishi hakusema kamwe kama Hilary ni mwanamume au mwanamke. Vitabu vinne, hakuna neno. Kwa Kiingereza hiyo ni kazi ya kutembea juu ya kamba, kwa sababu lugha yenyewe inakulazimisha kuchagua kila unapomtaja mtu. Kwa Kiswahili tungesema tu alikuja, alisema, akaondoka, na mchezo mzima ungefanyika bila jasho. Tatizo ni kwamba usingeonekana. Msomaji wetu angefika mwisho bila kujua kwamba kuna kitu kilichofichwa, na kitendawili ambacho hakuna aliyejua kimetegwa hakina raha ya kuteguliwa. Mtafsiri wake wa Kiswahili angelazimika kutafuta mlango mwingine, pengine kwenye maamkizi: nani anamwita Hilary dada, nani kaka, na nani anakwepa yote mawili kwa kusema Mwalimu.

Niseme neno kuhusu mahali kicheko hiki kinapokoma, maana si kila mzaha wa chuoni ni utani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na kitu kilichoitwa Punch, au Mzee Punch: maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi, iliyobandikwa ukutani kuwakejeli watu. Waliolengwa, hasa wasichana, walidhalilishwa mbele ya chuo kizima, na wengi waliopita pale walicheka. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Kila ninapozisoma zile barua za usiku za Gaudy Night namfikiria binti huyo. Mwandishi wa Punch alikuwa na kejeli kama ya mtani, lakini hakuwa na uso. Mtani tunamjua kwa jina, tunajua nyumba yake, na kesho tutamtania yeye. Wala Punch haikuchimba kaburi la mtu. Riwaya nzuri ya mauaji ya chuoni inaijua tofauti hiyo: inamcheka mwenye cheo anayejificha nyuma ya cheo, na inanyamaza anapofikiwa mnyonge. Ile isiyoijua naiweka chini kabla ya sura ya tano.

Mbegu ya aina hii ipo katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960: mtu wa kiko, mtulivu, mwenye rafiki aitwaye Najum, na maneno ya Kiunguja yenye utamu wa kutafunwa polepole. Bwana Msa angefaa sana kuingia kwenye chuo chetu chenye mabweni, kantini, wanaosubiri bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, walioshika sapu, yaani mtihani wa marudio, wanaoogopa kudisko, yaani kuondolewa masomoni, na kikao cha idara kilichoahirishwa mara tatu kwa kukosa akidi. Namwona amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa idara, kiko mkononi, anasikiliza Dokta na Profesa wakisalimiana kwa heshima iliyopitiliza, na anatambua, kwa urefu wa salamu tu, kwamba hawa wawili hawajazungumza tangu mwaka jana.

Na nimmalizie yule mzee wa Morogoro, kwa kuwa nilimwacha amesimama na koti la babu. Tulipofika makaburini aliingia ndani ya kaburi, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka wajukuu wa marehemu wamlipe. Baba akanipa noti nikamrushia. Aliiokota, akaitazama dhidi ya jua kuona kama ni halali, watu wakacheka. Kisha akapanda juu, akalivua lile koti, akalikunja vizuri na kunikabidhi. Akashika sepetu, na hakusema neno lingine mpaka udongo ulipoisha.